Maswali Kutoka Ng'ambo

Sauti ya bwana yangu niliijua kabla ya sura yake. Waliozaliwa mjini hawawezi kuelewa jambo hili, basi ngoja niwaeleze. Kwetu Nyamitaba vilima vinatazamana. Wewe unapalilia maharagwe huku, mwenzako anachunga ng'ombe kule, katikati kuna bonde na kijito, na ukitaka kumwambia neno huwezi kushuka na kupanda kila mara, miguu itaisha. Unaweka mikono mdomoni unaita: "Weee, mwenye ng'ambo!" Na yule aliyesikia, hata kama si yeye unayemtaka, anajibu kwanza: "Eee! Niko!" Ndipo habari inafuata.

Kuacha wito bila kuujibu lilikuwa jambo baya, baya kuliko kumfungia mgeni mlango. Mtoto aliyenyamaza alipigwa. Mkubwa aliyenyamaza, watu walidhani amekufa, wakaja kumtazama. Katekista wetu mwenyewe nilimwona siku moja amepiga magoti, yuko katikati ya sala, wito ukapita juu ya kanisa letu la nyasi. Akanyanyua kichwa, akajibu "Eee! Niko!", halafu akaendelea na sala pale alipoiachia. Hakuna aliyecheka, maana sote tungefanya vilevile.

Sasa huyo wa ng'ambo yetu alikuwa na sauti, mama yangu wee! Ilijaza bonde lote mpaka ndege wakaruka. Aliuliza, "Maharagwe yenu imetoa maua?" Mimi na mdomo wangu nikamjibu, "Maua ni ya nyuki, weye unayatakia nini?" Nikasikia anacheka huko juu. Kesho yake akauliza tena. Tuliendelea hivyo, msimu wa maharagwe ukaisha, wa mahindi ukaanza, na mimi nikawa naenda shambani mapema kuliko dada zangu, nao wakaanza kunitazama kwa jicho la pembeni.

Siku alipokuja kwetu na wajomba zake kuniomba, nilichungulia kutoka jikoni nimwone huyo simba. Nikaona kijana mrefu, mabega mapana, amekaa kwenye kigoda kama amekalia mayai. Baba akamuuliza jina. Kimya. Akamuuliza habari za nyumbani kwao. Kimya. Wakampa kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akamwaga nusu kwenye magoti ya mjomba wake. Shangazi zangu wakaja jikoni wanajiziba midomo. "Huyu bubu njo ule, ndiye ule wa ng'ambo? Mutoto, umedanganywa!"

Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyeniokoa. Alikuwa mzee asiye na subira. Alitoka akamwambia yule kijana, "Simama, enda kule kwa migomba, kisha utuambie umekuja kutafuta nini." Akaenda. Akageuka. Na kutoka kwenye migomba ikatoka ile sauti ninayoijua, akasema jina lake, na la baba yake, na kwamba amekuja kumuomba msichana mwenye ulimi mkali. Uwanja mzima ulipiga vigelegele. Nami nikajificha nyuma ya mafiga nikicheka na kulia pamoja.

Basi nilijua toka mwanzo nimeolewa na mtu wa namna gani. Akiwa mbali nawe, ni mfalme. Umkalishe mbele ya mtu mwenye meza, anapotea.

Tulikaa vizuri. Vita vya wazungu vilikuwa vimeisha, watu walianza kupumua, nami nikapata mimba ya kwanza. Hapo ndipo habari mbaya ilipokuja kutoka kwa chifu: vijana wa kilima chetu wangepelekwa kwenye machimbo ya mbali, na bwana yangu alikuwa mmoja wao. Wake hawaendi. Tuliwajua waliokwenda kabla yao. Wengine walirudi wazee, wengine walirudi na mke mwingine, wengine tuliwaombea misa tu. Aliyeweza kuponyoka ni yule aliyekwisha kupata kazi nyingine kwa wazungu kabla ya siku ya kuondoka. Nililala na habari hiyo ndani ya tumbo langu pamoja na mtoto.

Jumapili moja baada ya sala katekista akatangaza kwamba wanatafutwa makapita wa barabara kule msituni, upande wa Ntoto kuelekea Walikale. Kapita anasimamia watu wanaosafisha barabara, wanaozibua mifereji, wanaoondoa miti iliyoanguka. Anapewa kipande chake cha barabara na nyumba kandokando yake. Anayetaka aende posti ya Walikale, penye ofisi ya serikali tuliyoiita biro, atakaa mbele ya muzungu na karani wake, ataulizwa maswali.

Watu wote wa kanisa wakamgeukia bwana yangu. Maana kwa kazi yenyewe, nani angemshinda? Ndiye aliyewaita vijana siku za kujenga nyumba na kukata njia. Akipaza sauti toka kileleni, watu wanatoka kwenye mashamba yao na majembe begani. Lakini yeye alikuwa anatazama miguu yake.

"Maswali," aliniambia tukirudi nyumbani. "Kama wangesema kubeba mawe, ningeenda leo. Lakini maswali!"

"Maswali yanauma?" nikamuuliza.

"Yanauma."

Mjomba wake alikuwa amewahi kupikia wazungu kwenye shamba la kahawa, kwa hiyo kuhusu wazungu yeye alikuwa ndiye profesa wa kilima kizima. Alikuja jioni hiyo akakaa, akatueleza yote. Watakuuliza jina. Watakuuliza kama unakunywa. Watakuuliza mti ukianguka barabarani unafanya nini, daraja likivunjika unafanya nini, mtu akikataa kazi unafanya nini. Simama wima, vua kofia, usijikune. "Na zaidi ya yote," akasema huku amenyanyua kidole, "kwa muzungu jibu ni ndiyo. Akisema usiku ni muchana, ndiyo bwana. Ukisema hapana moja tu, umekwisha. Kule nyuma yako kuna wengine kumi wenye ndiyo."

Alipoondoka nilimjaribu bwana yangu. Nilikaa mbele yake kwenye kigoda, nikakunja uso. "Jina lako nani?" Akafungua mdomo, akaufunga. Mimi! Mimi mke wake ninayemfulia shati! Nilikasirika nikatamani kumpiga na mwiko. "Sasa kama unaniogopa mimi, huyo muzungu utamufanya nini?"

"Si weye," akasema. "Ni vile unanitazama kama unangoja nikosee."

Neno hilo lilinikaa. Kesho yake jioni, nikiwa shambani ng'ambo ya nyumba yetu, nikamwona amesimama uwanjani ananingoja, mdogo kama kidole. Nikakumbuka bibi yangu na migomba yake. Nikaweka mikono mdomoni.

"Weee, mwenye ng'ambo!"

"Eee! Niko!"

"Jina lako naniii?"

Halafu likaja jina lake, na la baba yake, na la kilima, kila kitu, limenyooka, linazunguka bonde zima. Nilirukaruka mle kwenye maharagwe na mimba yangu. Nikauliza swali la mti. Lakini kabla hajajibu, mama mmoja mzee wa kilima cha tatu akadakia, "Akate na shoka!" Mwingine kutoka chini kijitoni akasema, "Apana, asimamishe kwanza makamio, yale malori, yatagonga watu!" Wanaume waliokuwa wanalima wakaacha majembe. Jua likazama bado wanabishana juu ya mti ambao haujaanguka, katika msitu ambao hawajauona. Bwana yangu alingoja mpaka wakachoka, halafu akajibu: "Naweka watu wawili huku na huku wasimamishe makamio, wengine wanakata matawi, shina tunalisukuma kwa miti!" Vilima vikajibu kwa pamoja, "Eee! Njo hivyo!"

Basi hiyo ndiyo ikawa shule yetu. Kila jioni niliuliza, lakini kila jioni nilishuka kidogo. Baada ya shamba nikaulizia mteremkoni. Halafu kijitoni, nikiwa nachota maji. Halafu upande wetu wa kijito, kwenye viazi. Halafu kwenye migomba. Sikumwambia kwamba ninamsogelea, yeye mwenyewe aliona, akatabasamu, akaendelea kujibu. Sauti yake ilipungua kadiri nilivyokaribia, kama inavyotakiwa, lakini haikukatika. Watu wa vilima waliona uchungu kwamba sasa hawasikii. "Pandeni juu!" waliita. "Mumefika swali gani?"

Jioni ya mwisho nilikaa tena kwenye kigoda mbele yake. Nilikuwa nimevaa koti kuukuu la baba mkwe, na kichwani kitunga cha kupepetea kiwe kofia ya muzungu. Alicheka mpaka machozi. Nikamkemea kwa sauti nzito, "Kwa nini unacheka mbele ya biro?" Akanyamaza ghafla, nikaona ule woga wa zamani umerudi machoni. Nikageuza uso, nikatazama mlangoni kule ng'ambo, nikauliza polepole, "Weee, mwenye ng'ambo, jina lako nani?" Akavuta pumzi. Akajibu. Tukapita maswali yote mpaka mwisho na kitunga changu kichwani, kisha tukala ugali uliokuwa umeshapoa.

Mama mkwe hakutaka niende Walikale. Mwenye mimba, msituni, kwa mvua ile! Nikamwambia, "Mama, nani atamuuliza maswali njiani?" Alitikisa kichwa akanifungia viazi vya kuchoma na maharagwe kwenye majani ya mgomba.

Tulitembea. Tulipita Masisi, tukashuka, tukashuka tena, na hewa ikawa nzito na ya moto. Halafu miti ikatufunika. Sisi watu wa vilima tumezoea kuona tunakokwenda. Kule uliona mgongo wa aliye mbele yako na majani. Njiani, pale tulipopumzika, nilitangulia kidogo nipige swali kama kawaida yetu. "Weee, mwenye ng'ambo!" Sauti ikaanguka hapo hapo miguuni pangu. Niliita tena kwa nguvu. Alitoka kwenye kona ananitazama, ameshangaa. "Umeita? Nimesikia kama mutu anakohoa."

Hapo ndipo mimi nilipoogopa, ni vizuri niseme. Yeye alikuwa amejiandaa, mimi nilikuwa nimeleta dawa moja tu, na msitu ulikuwa unaila.

Ntoto tulilala kwa Wakristo waliotupokea vizuri sana, wakatupa sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, na mama wa pale akaniambia kwamba wao habari za mbali huzipiga kwa ngoma, maana miti haisikii midomo. Walifurahi kusikia mambo yetu ya vilimani, hasa katekista na wito wake. Bwana yangu aliwasimulia yeye mwenyewe, mbele ya watu wasiomjua, wamekaa karibu kabisa naye. Nilimtazama. Nikaendelea kula nisije nikamshtua.

Asubuhi ya maswali tulikuwa uwanjani pa posti ya Walikale na wanaume wengine wengi. Shati lake nililifua mtoni, likaukia mgongoni mwangu njiani kwa sababu jua halikuwepo. Alikuwepo mtu mmoja mwenye viatu na saa mkononi, akimsalimia kila anayepita "bonjour", hata mbuzi nadhani aliwasalimia. Bwana yangu alimtazama yule, akatazama miguu yake mitupu.

"Magoti yangu si yangu leo," akanong'ona.

"Ni yako. Yamekuleta toka Nyamitaba."

"Nikikosa, mwezi kesho niko machimboni."

"Najua."

"Utajifungua peke yako."

"Najua, weye! Unafikiri nilitembea msitu huu wote kwa kuwa sijui?" Nilikuwa mkali, maana kama ningekuwa mpole ningelia. Nikamnyoosha ukosi. "Ukiingia, tafuta kitu ukutani nyuma ya muzungu. Ule njo mimi. Niko kule ng'ambo, nauliza. Unijibu mimi."

Akaitwa, akaingia, mlango ukafungwa. Dirisha lilikuwa wazi, lakini polisi mwenye kofia nyekundu alitusukuma sisi wanawake mbali, tukakaa upande wa pili wa uwanja. Nilisikia sauti ya karani tu, ile kali, inapanda na kushuka. Ya bwana yangu sikuisikia. Nikajiambia, anajibu polepole, ni kawaida, ndivyo tulivyofanya na kitunga. Nikashika rozari yangu. Karani akanyamaza. Halafu pakawa kimya, kimya kirefu, hata wanawake wenzangu wakanitazama kwa huruma. Ndipo niliposikia wazi kabisa karani amepaza sauti: "Jibu! Bwana anangoja. Jibu sasa!"

Hakuna jibu.

Sijui nilisimamaje. Nilikwenda mpaka mwisho wa uwanja, pale ardhi inaposhuka kuelekea mtoni, palipokuwa wazi bila miti. Niligeuka. Nikaona lile jengo dogo na dirisha lake. Nikaweka mikono mdomoni, nikaita kwa sauti yote niliyopewa na Mungu, nikaita kwa niaba yangu na ya mtoto:

"Weeee! Mwenye ng'aaambo!"

Uwanja mzima uligeuka. Yule mwenye saa alinyamaza. Polisi akaanza kukimbia anakuja kwangu. Na kutoka ndani ya biro, kupitia dirishani, ikatoka ile sauti, ile ya kurusha ndege, nadhani vioo vilitetemeka kama vilikuwapo:

"Eeeee! Niko!"

Polisi alinishika mkono akanitoa nje ya uwanja, na wala sikupigana naye. Alipoona tumbo langu alilegeza mkono, akaniketisha kwenye gogo. "Mama, uko na wazimu?" aliniuliza. Nikamwambia labda.

Bwana yangu alitoka baada ya muda. Shati lote limelowa jasho. Alikuja akasimama mbele yangu.

"Nimeandikwa kazi," akasema. "Lakini nyumba tutajenga sisi wenyewe."

"Nyumba? Si walisema wanatoa nyumba?"

"Njo hivyo walisema. Twende tule."

Nilimkumbatia hapo hapo njiani mbele ya polisi, jambo ambalo watu hawakulifanya siku zile. Mwezi uliofuata wenzake walipanda kamio la machimbo, sisi tukaenda kwenye kipande chetu cha barabara, upande wa Ntoto, na vyungu vyetu kichwani.

Niwaambieni kuhusu nyumba hiyo? Tulikata miti wenyewe. Tulibeba majani ya kuezekea. Tulikandika udongo, mimi na tumbo langu mpaka mlangoni, na mvua ikabomoa ukuta mmoja tukaukandika tena. Na kilomita chache kutoka kwetu kapita mwenzake, yule yule wa saa na bonjour, alipewa nyumba tayari, imenyooka, ina mlango wa mbao! Nililalamika. Aa, nililalamika vizuri. Kila ukuta ulipopasuka nilimwuliza, "Kwa nini wenzetu wanapewa nyumba, sisi tunapewa udongo? Uliogopa kuwauliza, eh? Ulikubali tu, ndiyo bwana, ndiyo bwana?" Naye alichanganya udongo na miguu yake, akajibu, "Njo hivyo, Mama." Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa ndani ya nyumba hiyo, udongo bado unanuka ubichi. Baba yake alimpokea mikononi, akasahau kumrudishia mkunga.

Kila mgeni aliyepita nilimsimulia jinsi nilivyomponya bwana yangu woga. Jinsi nilivyomshusha kutoka ng'ambo mpaka kwenye kigoda. Jinsi alivyokauka mbele ya muzungu, na mimi nikamwokoa kwa wito mmoja tu. Nilisimulia vizuri, nikiigiza karani na polisi. Yeye alikuwa anakaa pembeni, anachonga mpini wa jembe, anatabasamu. Hakunisahihisha hata mara moja.

Watoto walifuatana. Kazi ilikwenda. Watu wake walimpenda kwa sababu hakuwatukana, na kwenye mvua kubwa alitangulia yeye na shoka. Halafu, karibu na mwisho wa ile miaka ya utawala wa Wabelgiji, alasiri moja mvua ilimkamata mzee mmoja wa baiskeli mbele ya nyumba yetu. Tulimwingiza, nikampa sombe na ugali na kitambaa cha kujipangusia. Alinitazama, akamtazama bwana yangu, akaweka tonge chini.

"Mama," akasema, "si weye njo ulipiga kelele siku ile Walikale? Mimi nilikuwa karani."

Nilipiga makofi kwa furaha. Shahidi amepatikana! Nikaanza hadithi yangu mwanzo mpaka mwisho. Nilipofika pale pa kimya, karani akanyanyua mkono.

"Hapo apana, Mama. Alijibu yote. Jina, pombe, mti, daraja, yote, wala hakutetemeka. Alitazama ukuta, lakini alijibu. Muzungu alikwisha kuniambia, huyu njo kapita. Nikamwambia sasa masharti: nyumba bado haijajengwa, utakuja peke yako, bibi, mke wako, utamuacha kwenu kilimani, mwaka, labda miaka miwili. Unakubali? Hapo njo alinyamaza."

Mvua ilikuwa inapiga paa. Nilimgeukia bwana yangu. Alikuwa amesimama, amechukua kofia yake.

"Mimi nilikasirika," karani akaendelea. "Nikamwambia jibu sasa. Nilijua ukisema hapana kwa muzungu ule, umefukuzwa. Kisha ukaita weye. Akajibu wito, mpaka kalamu yangu ikaanguka. Muzungu akauliza, nani ule? Naye akaacha kutazama ukuta, akamtazama muzungu machoni, akasema: 'Ule njo bibi yangu. Hapana, bwana. Nikija nakuja naye. Nyumba nitajenga mwenyewe na mikono yangu, musinipe kitu. Kama haiwezekani, chukueni mwingine.' Nilitafsiri nikiwa natetemeka mimi. Muzungu akacheka, akasema basi aje na king'ora chake."

Bwana yangu alikuwa ameshatoka kwenye mvua, eti kwenda kutazama mifereji.

Karani alipoondoka nilibaki nimekaa. Nilitazama kuta zangu, ile yenye ufa, ile iliyobomoka tukaikandika upya, kila bonge la udongo nililolilaani. Mtu yule aliyeogopa kumwambia baba yangu jina lake. Alisema hapana, mbele yake muzungu na nyuma yake machimbo, halafu akanyamaza miaka yote hiyo nimtukane juu ya nyumba, kwa sababu nilikuwa nafurahia sana hadithi yangu. Nililia, ndiyo. Halafu nikakasirika, jinsi nilivyokasirika! Miaka yote nimejisifu mbele ya wageni kama mpumbavu! Nikaapa kwamba siku hiyo simwambii neno, hata la kumkaribisha kula.

Mvua ikakatika. Akaja mpaka uwanjani, akaniona mlangoni nimekunja mikono. Alinijua. Hakuingia. Aligeuka akafuata barabara, akaenda, akaenda mpaka kwenye kona pale miti inapofunga, akawa mdogo. Nikamwona ameweka mikono mdomoni. Msitu ulikuwa umelowa, sauti ikafika ndogo sana, lakini ilifika.

"Weee, mwenye ng'ambo! Mti umeanguka barabarani! Utafanya nini?"

Watoto wakanitazama. Mimi niliyelelewa Nyamitaba, ningefanyaje? Nikaweka mikono mdomoni.

"Eee! Niko!" nikaita. "Nakuja na panga!"

Nikamsikia anacheka mpaka kule kwenye kona, nikaingia ndani kumpashia chakula.